SOMO: Umechaguliwa zaidi ya chuo kimoja, uthibitishe kipi?

Majina ya udahili yakitoka tu, simu yangu haipumui. "Maalim, nimepata chuo cha Dodoma na cha Tunguu hapa Unguja, niende wapi?" Nikimaliza kumjibu huyu, mwengine anauliza lile lile. Safari hii naandika hapa mara moja. Atakayenifuata faragha nitamrudisha huku huku.

Hatua ya 1. Toa barua zote, soma miaka ya kozi, ada na kampasi.

Hatua ya 2. Hakikisha kozi yako imo katika mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu. Haimo? Achana nayo.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya kozi nzima, usiishie kwenye ada ya mwaka wa kwanza. Wazee wetu wanaangalia ada tu, ndiyo maana wanashtuka mwaka wa pili. Chukua namba hizi za mfano, za kwako utaziweka mwenyewe. Chuo cha Unguja ada 1,200,000 na wewe unakaa kwenu Fuoni, daladala 200,000 kwa mwaka: jumla 1,400,000. Chuo cha bara ada 900,000, kinaonekana rahisi. Ongeza chumba 500,000, chakula 1,400,000, boti na basi za likizo 200,000. Imeshafika 3,000,000. Kwa kozi ya miaka 3, huku ni 4,200,000 na kule 9,000,000. Utasema na nyumbani pia unakula. Kweli, lakini sahani moja kwenye sinia la mama haina risiti.

Mtu wa Pemba asidhani hesabu hii inampendelea. Kutoka Wete kwenda Tunguu nako ni kupanga chumba. Kwako wewe tofauti ya Unguja na bara ni ndogo kuliko anavyoiona mtoto wa mjini.

Hatua ya 4. Pahala. Kwanza kampasi, kwa sababu jina la chuo halikwambii utalala wapi. SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, peke yake ina Tunguu, ina Maruhubi kwa utalii, Kizimbani kwa kilimo, na Mchangamdogo kule Pemba. Nimeona watu wanalipia chumba Tunguu halafu darasa liko Maruhubi, kila alfajiri wanapigania daladala. Pili, angalia kozi yako inafanyiwa mazoezi wapi. Anayesoma utalii akiwa Unguja, hoteli za Nungwi na Paje hazimtaki apande boti. Anayesoma udaktari aulize wanafunzi wanaingia hospitali gani na kuanzia mwaka wa ngapi.

Hatua ya 5. Jina. Jina kubwa ni la chuo, kazi utaiomba kwa fani. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ni chuo kamili tangu 1970 na jina lake hakuna asiyelijua, lakini hilo halimaanishi kila kozi yake inashinda ya pengine. Tafuta waliomaliza kozi hiyo hiyo miaka miwili mitatu nyuma, waulize wako wapi sasa na mafunzo kwa vitendo waliyapata kweli au waligongewa muhuri tu. Kwa fani za afya, uhandisi na sheria, uliza pia kama baraza au bodi ya taaluma inakitambua cheti hicho. Binafsi, jina nalihesabu pale tu gharama zinapokaribiana.

Hatua ya 6. Kuthibitisha. Someni hapa taratibu. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa na TCU, kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu au barua pepe ulizoandika wakati wa kuomba. Zamani nilikuwa nawajazia watoto fomu kwa namba yangu mwenyewe, nikijiona nawasaidia. Namba za siri zikamiminika zote kwangu, nikazichanganya, kijana mmoja akathibitishwa chuo ambacho wala hakukitaka. Kwa hiyo:

– Andika simu yako wewe, si ya mwalimu, si ya kijana wa steshenari.
– Laini isajiliwe kwa jina lako au la mzazi, isije ikafungwa katikati.
– Ujumbe haukuja? Ingia kwenye akaunti yako ya udahili ya chuo unachokitaka, omba utumiwe tena. Usikae ukisubiri.
– Namba ya siri usimpe mtu "akuthibitishie". Fanya mwenyewe, piga picha ukurasa.
– Usingoje siku ya mwisho, mtandao unalemewa.

MASWALI

Kijana wa Mwera: Maalim chuo kipi kizuri?

Jibu: Kwa kozi gani? Kwa pesa ngapi? Soma kwanza.

Mpemba Halisi: Mie nimechaguliwa kimoja tu, nithibitishe?

Jibu: Kuthibitisha ni kwa waliopata zaidi ya kimoja. Wewe fuata maelekezo ya barua yako.

Mzee wa Forodhani: Mbona unawavunja moyo vijana wasitoke kisiwani? Mwenyewe umesoma bara.

Jibu: Nimesoma bara, ndiyo maana bei ya chumba cha bara naijua. Sijasema asiende mtu. Nimesema ahesabu, halafu aende.

Binti wa Micheweni: Maalim shikamoo. Majibu ya mkopo hutoka baada ya kuthibitisha. Sasa nachaguaje chuo bila kujua nitapata kiasi gani? Na baba anategemea karafuu.

Jibu: Marahaba mwanangu, hili ndilo swali nililolingoja. Fanya hesabu mbili: moja bila mkopo kabisa, moja na mkopo nusu. Chuo ambacho hata kwa mkopo nusu hakiwezekani, kiondoe. Mkopo unagawiwa kwa mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Unaweza kupewa fungu moja kamili na jengine kidogo. Kuhusu baba, piga simu ofisi ya uhasibu ya chuo uulize ada inalipwa kwa awamu ngapi na tarehe zake, halafu ulinganishe na msimu wenu. Chuo cha bei ya juu kidogo chenye awamu nne kinaweza kuwafaa kuliko cha rahisi kinachotaka nusu siku ya kuripoti. Uliza na dahalia, maana zinajaa mapema.

Binti wa Micheweni: Ahsante sana. Na cheti cha kuzaliwa cha kuombea mkopo?

Jibu: Cha Zanzibar kinahakikiwa ZCSRA, wakala wa usajili wa Zanzibar; RITA, wakala wa usajili wa bara, ni kwa waliozaliwa bara. Lianze leo hilo, wengi wanakwama hapo.

Kijana wa Mwera: Nimesoma sasa. Ualimu wa sayansi, Dodoma au Tunguu, nyumbani Mwera, mkopo sina uhakika.

Jibu: Hilo ndilo swali. Mwera na Tunguu ni daladala tu. Usipopata mkopo unaendelea kusoma. Dodoma usipopata unarudi nyumbani. Mimi ningethibitisha Tunguu.

Shangazi Chake: Wangu ameshathibitisha Dodoma, namfungia nini?

Jibu: Blanketi zito, Juni na Julai usiku kuna baridi. Kutoka Dar apande treni ya SGR, anafika mapema kuliko basi. Godoro asibebe, atanunua huko huko.