Namna ya kuchora kwa rangi za mafuta sura ya mtu asiyetabasamu

Wengi wanaoanza kuchora hudhani kwamba uso wa mtu aliyezama katika fikra unahitaji rangi nyeusi kwa wingi na mikunjo inayohesabika. Waimpresionisti, yaani wachoraji walioonyesha mwanga kwa miguso ya rangi, waliofanya maonyesho yao ya kwanza mjini Paris mwaka 1874, walituachia njia iliyo bora zaidi, nayo ni kukijenga kivuli kwa rangi.

Mkalishe mtu wako kando ya dirisha ili mwanga umwangukie upande mmoja. Paka turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, rangi ya kijivu iliyozimuliwa kwa tapentaini, uiache ikauke, kisha kwa brashi pana uweke maumbo makubwa tu: paji la uso, mashimo ya macho, kivuli cha pua na cha shingo. Tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, la sivyo picha itakuja kupasuka.

Sasa fumba macho nusu na ulitazame shavu lililo mbali na dirisha. Utaona buluu, utaona zambarau, na chini ya taya utaona rangi ya shati ikirudishwa juu ya ngozi. Changanya buluu iliyokolea na kahawia ili upate giza lenye uhai, kisha kando yake uweke mguso mdogo wa rangi ya machungwa iliyofifishwa, kwa kuwa rangi zinazopingana, kama buluu na machungwa, zikikaa pamoja huchangamshana, jambo ambalo mkemia Mfaransa Chevreul alilieleza kwa kina mwaka 1839. Kila mguso uweke mara moja na uuache. Rangi mbichi zikisuguliwa hugeuka tope.

Uzito wa sura hukaa mahali padogo sana, yaani kwenye pembe za mdomo na ukope wa juu. Mstari wa kati ya midomo usiuvute kama uzi: ukoleze katikati na uulainishe kwenye pembe, kwani pembe kali humfanya mtu aonekane amenuna, na mtu makini hakununa. Kitone cheupe cha mwanga ndani ya jicho kiwe hafifu. Katika sura ya mwimpresionisti Monet, aliyoichora mwenzake Renoir mwaka 1875, Monet hatabasamu, lakini uso wake hauna ukali wowote.

Koti na ukuta wa nyuma vipitie upesi kwa mapigo mapana. Kesho yake ukiona kosa usoni, likwangue kwa kisu cha rangi kabla ya kupaka upya.