Somo: Kagua fremu ya baiskeli kabla haijakatika

Fremu ya chuma haina tarehe ya mwisho. Isipozidishiwa mzigo wala kuliwa na kutu, inapita miaka 30. Alumini ni tofauti: kila mtikisiko huichosha kidogo, na uchovu huo haufutiki.

Andaa tochi, mafuta ya taa, kitambaa, unga wa chaki, uzi wa mita 3 na rula.

1. Osha fremu, ikauke kabisa.

2. Anza chini ya bomba refu la chini, pale linapoungana na bomba fupi la usukani. Kila shimo la barabarani huvuta hapo, ndiyo maana fremu nyingi hupasukia hapo. Kisha kagua kuzunguka ekseli ya pedali, mdomo wa bomba la siti, na sehemu ekseli ya gurudumu la nyuma inapofungwa. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, uhesabu kuwa ni ufa.

3. Una shaka? Paka mafuta ya taa, subiri dakika 10, futa pakauke, nyunyiza chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari kwenye chaki.

4. Chomoa nguzo ya siti, mulika ndani. Unga wa kutu si hoja. Magamba yakidondoka, bomba limeshaliwa. Wa pwani msiruke hatua hii.

5. Funga uzi pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapofungwa, upande mmoja, uzungushe bomba la usukani, urudishe upande wa pili. Pima uzi ulivyo mbali na bomba la siti kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, fremu imepinda.

MASWALI

Swali: Mkuu, fundi anataka kuchomelea ufa kwa umeme. Nikubali?
Jibu: Hapana. Bomba ni jembamba, umeme hulitoboa au kulifanya likatike pembeni ya weldi. Tafuta wa gesi, aunge kwa shaba. Ufa ukiwa karibu na usukani, badilisha fremu. Ikikatika hapo unaanguka kifudifudi.

Swali: Yangu ni alumini, ina ufa mdogo sana.
Jibu: Acha kuiendesha leo. Ufa wa alumini hauna onyo refu.

Swali: Mdomo wa bomba la siti umepasuka, kwa nini?
Jibu: Umeinua siti mno. Nguzo ibaki ndani angalau sentimita 6.5, ukipakia abiria au mzigo ongeza.

Swali: Maji huingilia wapi?
Jibu: Kwenye nguzo ya siti, yakatuama kwenye bomba fupi linalobeba ekseli ya pedali. Toboa tundu la milimita 4 chini ya bomba hilo, na upake grisi nguzo.