Namna ya Kupima Seli Tangulizi za Damu Kabla na Baada ya Programu ya Mazoezi

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kujua iwapo wiki 12 za kuendesha baiskeli huongeza seli tangulizi zenye alama ya CD34 (protini iliyo juu ya seli), ambazo hutoka kwenye uboho na husaidia kukarabati kuta za mishipa ya damu.

Hatua ya 1. Pima uwezo wa juu wa mwili wa kutumia oksijeni, kisha upange mazoezi kwa kipimo hicho.

Hatua ya 2. Panga saa ya kutoa damu. Zoezi moja zito hutosha kuzimwaga seli hizi kwenye mzunguko wa damu, nazo hupungua tena baada ya saa chache. Kwa hiyo mshiriki aliyefika kliniki akikanyaga baiskeli kwa kasi ili awahi miadi anaweza kuonyesha ongezeko lisilohusiana kabisa na wiki zake za mazoezi. Mimi husisitiza mapumziko ya saa 48, damu itolewe asubuhi, saa ileile katika vipimo vyote viwili, mshiriki akiwa hajala na ameketi kwa dakika 20. Mwenye homa aahirishiwe. Anayetumia statini, dawa za kupunguza kolesteroli, asibadilishiwe dozi katikati ya utafiti, kwa sababu dawa hizo nazo huongeza seli hizi, na kwa wanawake ni vyema kuzingatia siku ya mzunguko wa hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni ina athari kama hiyo.

Hatua ya 3. Weka damu kwenye tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) na uipime siku hiyohiyo. Pasua seli nyekundu bila kuosha sampuli, kwani kila mwosho hupoteza seli ambazo tangu mwanzo ni adimu, na utumie shanga za kuhesabia, yaani chembe ndogo za idadi inayojulikana ambazo husaidia kukokotoa idadi ya seli kwa kila mikrolita.

Hatua ya 4. Kwenye flosaitometa, mashine inayotambua na kuhesabu seli mojamoja kwa mwanga wa leza, fuata utaratibu wa ISHAGE wa mwaka 1996, ambao ni mwongozo wa kuhesabu seli za CD34. Usisimamishe mashine mapema: ikiwa seli za CD34 ni asilimia 0.02 ya seli nyeupe, utahitaji seli nyeupe 500,000 ili upate 100 tu, na hata hapo kosa la kubahatisha hukaribia asilimia 10. Kundi dogo lenye pia alama ya KDR (protini nyingine, inayohusiana na seli za kuta za mishipa ya damu) ni adimu zaidi, hivyo sishauri kulijengea hitimisho.

Hatua ya 5. Ripoti idadi kwa kila mikrolita, si asilimia pekee, kwa sababu asilimia hubadilika kila seli nyeupe nyingine zinapoongezeka au kupungua, na ulinganishe na kundi ambalo halikufanya mazoezi.