Kupiga lipu ya chokaa nyumba ya mawe, Mikindani

Usianze na saruji. Naliweka hili mbele kwa sababu ndiyo iliyoharibu ukuta wa baraza ya nyumba ya babu hapa Mikindani. Fundi aliupiga lipu ya saruji ukapendeza, lakini misimu miwili ya mvua haikupita ikaanza kuvimba. Ukigonga kwa kidole unasikia uwazi. Kipande kilipodondoka nikakuta jiwe limeota unga mweupe. Nikauonja, chumvi tupu.

Mawe yetu ni matumbawe, hunyonya unyevu kutoka ardhini. Chokaa huuacha utoke, saruji huufungia ndani, na chumvi hubaki ikilimega jiwe.

Mwaka jana niliingia nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni, Dar es Salaam, aliyoishi wakati wa kupigania uhuru na ambayo leo ni makumbusho. Ni nyumba ndogo ya mtaani. Nilisimama mle nikaikumbuka ya babu, nikarudi nimeshaamua kuurudishia ukuta wake lipu ya chokaa.

Subiri mvua ziishe; mimi nilianza Juni. Bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, ukifuata ule mlio wa uwazi. Palipokamata sana usilazimishe, utang'oa na jiwe. Chumvi ipanguse kwa brashi kavu, maana ukiiosha inarudi ndani. Kisha uache ukuta ukauke, wiki kadhaa.

Wakati huo zima chokaa, yaani iloweke majini mpaka iache kuchemka. Tia maji kwanza kwenye pipa, ndipo uweke chokaa kidogo kidogo, kamwe usimwagie maji juu yake: huchemka na kuruka, na ikiingia jichoni inapofua. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali. Ichuje, iache chini ya maji miezi mitatu kama una subira. Yangu ilitoka laini kama samli iliyoganda.

Changanya karai moja ya chokaa na tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani uko karibu na ni bure, lakini utakurudishia chumvi ileile.

Lowesha ukuta, piga lipu nyembamba, isizidi unene wa kidole, ukiikandamiza kwa mwiko. Hapa ndipo wengi huharibu: upepo wa kusi huikausha upesi ikapasuka. Tundika magunia yaliyolowa, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni wiki nzima. Ikishika, piga ya pili. Mwisho pakaza chokaa nyepesi, mikono mitatu au minne.

Kagua pia boriti za mikoko pale zinapoingia ukutani. Choma kwa kisu. Kikizama, ibadilishe kabla ya lipu.

Nilipofika karibu na mlango, chini ya saruji nilikuta lipu ya zamani nzima kabisa, na ndani yake alama za vidole vinne vya fundi wa wakati huo. Nilivipachika vyangu humo, vikatosha. Kipande hicho sikukifunika.