Kumfundisha ganuni mtoto mwenye usonji

Ninafundisha ganuni, ala ya nyuzi ya taarab, hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, na wazazi wa watoto wenye usonji (autism) huniuliza waanzeje. Kazi huanza kabla mtoto hajafika: linganisha nyuzi mapema. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa tatu tatu kwa sauti moja, na zisipokubaliana huweza kumuumiza masikio kweli. Si kudeka huko.

Funga dirisha la barabarani, zima feni. Wengi wa watoto hawa hawachuji sauti kama sisi. Feni, honi ya vespa na muziki huingia kwa nguvu moja.

Kisha mpe sauti moja na picha moja: uzi huu mwembe, ule ngalawa. Mwaka 1998 Pamela Heaton na wenzake, Uingereza, walionyesha kuwa watoto wenye usonji walikumbuka sauti zilizofungamanishwa na picha vizuri kuliko wenzao wasio na usonji. Si kila mtoto yuko hivyo, ila mwanafunzi wangu mmoja hugundua uzi uliolegea kabla yangu. Akikwambia, mwamini.

Akitikisa mikono, muache, anasikiliza. Usimlazimishe kukutazama machoni. Akiutaka wimbo uleule tena na tena, mpigie, na ukitaka kubadilisha kipande, mwambie kwanza.

Na harusini? Spika za rusha roho, taarab ya kisasa, ni kali mno. Mvalishe vizibo vya masikio, kaeni karibu na mlango, mkubaliane ishara ya kutoka. Akiitoa, tokeni papo hapo, hata kama bibi harusi ndiyo kwanza anaingia.