Gari inanuka vibaya? Tafuta chanzo kwanza, pafyumu baadaye

Watu wengi gari ikianza kunuka wanakimbilia pafyumu ya kuning'iniza kwenye kioo, matokeo yake gari inanuka waridi na uozo kwa pamoja na tatizo lenyewe liko palepale. Kabla hata ya kufungua boneti angalia inanuka saa ngapi, ukiwasha, ukiwa mwendo au ukishasimama, na harufu inatokea kwenye matundu ya AC au inatoka nje. Fundi ukimwambia "inanuka tu" ataanza kubahatisha na kubadilisha vifaa kwa hela yako.

Tuanze na ile ya soksi mbichi ukiwasha AC, hii ndo inasumbua wengi. Ndani ya deshibodi kuna koili inayopoza hewa, inatoa jasho muda wote AC ikifanya kazi, sasa ukizima gari ghafla unyevu unabaki pale gizani na ukungu unaota. Toa filta ya kabini, gari nyingi iko nyuma ya ile droo ya mbele ya abiria, ikiwa nyeusi na imejaa majani weka mpya, usiipige vumbi ukairudisha. Kama bado inanuka koili isafishwe kwa spreyi yake ya povu. Halafu jizoeshe dakika chache kabla hujafika kuzima AC ila feni iache inapuliza, koili ikauke, hii haina gharama na inasaidia kuliko hizo spreyi zote.

Angalia pia chini ya gari, AC ikifanya kazi kwenye joto lazima maji yadondoke. Kama hayadondoki na kapeti ya abiria wa mbele imelowa, kimpira cha kutolea maji kimeziba, kizibuliwe, na kapeti uinue kabisa ukaushe na lile sponji la chini, ukikausha juu tu wiki ijayo inanuka tena.

Ila hayo maji ya kapeti yashike kwanza kwa vidole. Maji ya AC ni maji tu. Yakiwa yanateleza, yana rangi na harufu yake ni tamutamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, maana yake rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya deshibodi inavuja, na mara nyingi utaona kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafutamafuta usiofutika vizuri. Usiendelee kuendesha kwa kuongeza maji kila asubuhi, injini itachemka. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto, na kulanti iliyomwagika ifute haraka kwa sababu ni sumu na paka na mbwa wanailamba kwa ule utamu.

Harufu ya petroli haina mjadala. Kama umetoka kujaza tangi, kaza mfuniko, isubiri kidogo. Isipoisha, au unaisikia gari ikiwa imepaki tu, usiwashe na usiwashe kiberiti karibu, ita fundi aje hapohapo. Moshi wa ekzosi ukiingia ndani nao usiuchukulie poa, ndani yake kuna gesi ya kaboni monoksidi ambayo yenyewe hainuki kabisa na inaua, shusha vioo vyote, toka, gari iende kwa fundi wa ekzosi.

Kuunguaungua kuna aina zake. Oili inanuka zaidi ukishasimama, mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, inavuja, oili inadondokea manifodi ya moto, yale mabomba ya ekzosi yanayoanzia kwenye injini, ukichungulia utaona pameloa na vumbi limeganda. Kama umetoka kubadilisha oili leo huenda ni ile iliyomwagika tu, itaungua iishe. Breki zikinuka baada ya mteremko mrefu ziache zipoe, ila ikiwa tairi moja tu ndo ya moto, sogeza kiganja karibu bila kugusa rimu utalisikia joto, basi kaliper, kile kifaa kinachobana breki, imeng'ang'ania. Harufu ya plastiki au waya zima gari na uchomoe tamino ya betri, lakini chungulia na ekzosi, unaweza kukuta ni mfuko wa nailoni umenasa.

Mayai viza: ni masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, mara nyingi kwa sababu injini inakula mafuta kupita kiasi, au ni betri inachajiwa kupitiliza. Pima betri injini ikiwaka, kawaida ni kama volti 13.5 hadi 14.7, ikipita 15 altaneta inayochaji betri ina shida. Betri ikiwa imevimba na ya moto usiiguse.

Na kama ni uozo kabisa, na unazidi ukiwasha feni, tafuta panya. Anapenda kujilaza kwenye feni ya AC au kwenye filta, vaa glavu na barakoa, mtoe, lowesha pale kwa dawa ya kuua vijidudu ndo ufute, usifagie pakiwa pakavu, na ile filta itupe hata kama ulishaweka mpya juzi.