Dau la wakala na madau yanayolingana: mwongozo kwa anayenunua mnadani mtandaoni akiwa Lubumbashi

Fundi wa Kamalondo anatafuta pampu ya dizeli ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Ameiona eBay, tovuti ya minada, bei imesimama dola 120. Anaweka 125, papo hapo anaambiwa amepitwa. Anaweka 140, amepitwa tena. Anadhani kuna mtu amekaa macho upande wa pili akimvizia, kumbe yule mtu huenda amelala. Kinachomjibu ni mfumo wa mnada, ulioachiwa maagizo tangu jana.

Maagizo hayo ndiyo dau la wakala. Unaandika kiasi cha juu kabisa ulicho tayari kulipa. Kiasi hicho wanunuzi wengine hawakioni, na mfumo unakupandishia bei kwa niaba yako pale tu mtu mwingine anapokusukuma. Wengi wetu linatusumbua kwa sababu ya mazoea. Kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anayetaja bei yake ya mwisho mapema ameliwa. Kwenye mnada wa wakala, bei yako ya mwisho ndiyo unayoitaja kwanza, na kuitaja hakukufanyi uilipe: unalipa kidogo tu juu ya yule aliyekufuata.

Hatua ya 1: Tafuta kikomo chako kuanzia Lubumbashi, si kwenye tovuti

Jiulize kwanza: kitu hiki kikiwa mkononi mwangu hapa, kisizidi dola ngapi kwa jumla? Kisha rudi nyuma. Tuchukue mfano wa dola 480.

Toa gharama zisizobadilika na bei ya mnada, kama vile kutuma pesa na gari la kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tuseme 55. Zinabaki 425. Ushuru na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) vinahesabiwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafirishaji, kwa hiyo gawanya, usitoe. Kama vyote pamoja vinafika asilimia 30, basi 425 ÷ 1.30 = 326.92. Toa usafirishaji, tuseme 75. Kikomo chako ni dola 251.92, ambacho tutakiandika 251.90. Asilimia halisi muulize wakala wako wa forodha kabla ya kuweka dau, kwa sababu inategemea aina ya kitu.

Nyumba nyingi za mnada zinamtoza mnunuzi kamisheni juu ya bei ya nyundo, yaani bei ambayo mnada umefungwa. Ikiwa ni asilimia 20, gawanya tena: 251.92 ÷ 1.20 = 209.93. Anayekata tu asilimia 20 anapata 201.54, na anaweza kupoteza kitu kwa dola nane alizokuwa nazo.

Hatua ya 2: Jua ngazi za kupandia

Mfumo haupandishi bei ovyo; unapanda kwa ngazi, yaani nyongeza iliyopangwa. Kwenye eBay ya Marekani, bei ikiwa kati ya dola 25 na 99.99 ngazi ni dola 1. Kutoka 100 hadi 249.99 ni dola 2.50; kutoka 250 hadi 499.99 ni dola 5. Kutoka 500 hadi 999.99 ni dola 10. Tovuti nyingine zina majedwali yao, yasome kabla ya kuanza.

Sasa fuata pampu yetu. Bei ya kuanzia ni 120, nawe unaweka 251.90 (hapa hakuna kamisheni). Ukurasa unaonyesha 120 tu. Mtu anaweka 150: bei inakuwa 152.50, wewe bado unaongoza. Mwingine anaweka 200: inakuwa 202.50. Anarudi na 230: inakuwa 232.50. Anakuja wa tatu na 250. Kwa kawaida mfumo ungeongeza ngazi ya dola 5, lakini 255 inapita kikomo chako, kwa hiyo unasimama penye 251.90, na bado wewe ndiye unayeongoza. Tofauti ya dola 1.90 imetosha. Ngazi kamili inadaiwa kwa anayeingia, juu ya bei inayoonekana; haidaiwi kati ya vikomo viwili vilivyofichwa.

Angalizo moja: kama muuzaji ameweka bei ya chini ya siri na kikomo chako kinaifikia, bei inaruka moja kwa moja hadi hapo, hata kama hakuna mshindani. Huo si wizi.

Hatua ya 3: Elewa madau yanapolingana

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Tuseme yule wa tatu ameweka 251.90 hasa, sawa na wewe. Bei inapanda hadi 251.90, naye anaambiwa amepitwa. Akifungua historia ya madau anaona viasi viwili vilivyo sawa, na jina la juu si lake. Anasema ameibiwa. Hakuibiwa: viasi vikilingana, anaongoza aliyetangulia kuweka. Hakuna kura wala kugawana.

Muda unaohesabiwa ni ule dau lilipofika kwenye seva, si ule ulipogusa kitufe. Mtandao ukikwama sekunde nane, umechelewa sekunde nane.

Wengi hawajui kwamba ukiongeza kikomo chako, kikomo kipya kinachukua saa mpya. Umeweka 200 saa 10:00. Mwenzako ameweka 220 saa 11:00. Anaongoza kwa 202.50 inayoonekana. Wewe saa 12:00 unapanda hadi 220. Bei inakuwa 220, anayeongoza ni yeye. Kutangulia kwako kulikuwa kwa 200, si kwa 220. Ndiyo sababu kupanda kidogo kidogo kunaumiza mara mbili: unaonyesha nguvu yako, kisha unapoteza nafasi ya kwanza.

Dawa yake ni nyepesi. Watu wanapenda namba za mviringo, 200, 250, 300. Weka 251.90 au 203.35, na uiweke mara moja. Lakini kumbuka kisu kinakata pande zote: aliyeweka 252.00 angekupita kwa senti kumi.

Hatua ya 4: Kama mnada una ukumbi na watu waliokaa

Kwenye minada inayoendeshwa na dalali huku watu wa mtandaoni wakishiriki, senti za ujanja hazisaidii. Madau yanakubaliwa kwa ngazi tu, mfano 100, 110, 120, na kiasi cha katikati mara nyingi kinakataliwa au kushushwa. Kwa hiyo madau sawa ni ya kila siku.

Kuna na tatizo la mguu, yaani zamu inaanza na nani. Umeacha agizo la 150, ngazi ni 10. Dalali anaanza na wewe kwa 100. Ukumbi 110, wewe 120, ukumbi 130, wewe 140, ukumbi 150. Kikomo chako ni 150, lakini 150 imeshasemwa na mwingine, na wewe umekwisha. Kama angeanza na ukumbi, 150 ingekuwa yako. Baadhi ya nyumba zinaipa agizo la maandishi haki ya kwanza kwa kiasi kinacholingana, nyingine haziipi. Neno hilo liko kwenye masharti, litafute. Ukiruhusiwa, andika agizo lenye nyongeza ya ngazi moja endapo madau yatalingana, na uhesabu nyongeza hiyo ndani ya kikomo chako tangu Hatua ya 1.

Hatua ya 5: Chagua saa

Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa mbili mbele ya saa ya dunia (UTC), na saa moja mbele ya Kinshasa. California iko nyuma yetu kwa saa 9 majira yao ya joto na saa 10 majira ya baridi. Mnada unaoisha huko Jumapili saa 18:30 unaisha kwetu Jumatatu saa 03:30 au 04:30 alfajiri. Ujerumani ni saa ileile yetu wakati wa joto, na saa moja nyuma wakati wa baridi.

Kuvizia sekunde za mwisho kunawashinda wale wanaopanda kidogo kidogo, kwa kuwa hawapati nafasi ya kujibu. Hakumshindi aliyeweka kikomo chake kamili. Na kwetu, umeme ukikatika au mtandao ukilala saa tisa usiku, sekunde ya mwisho inapita bila wewe. Ushauri wetu: weka dau lako la pekee kabla ya kulala. Ukiwa macho, dakika tano kabla ya mwisho zinatosha. Kwenye tovuti zinazorefusha mnada kila dau jipya linapoingia mwishoni, kuvizia hakuna faida yoyote.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kuthibitisha

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 251,90 kwa mkato. Tovuti ya Kiingereza inaweza kuusoma mkato huo kama kitenganishi cha maelfu. Andika nukta, kisha soma kiasi kwenye ukurasa wa kuthibitisha, tarakimu kwa tarakimu.

Ukikosea, eBay inakuruhusu kuondoa dau ikiwa zimebaki zaidi ya saa 12, na hapo madau yako yote kwenye kitu hicho yanaondoka. Zikibaki chini ya saa 12, unaweza kuondoa lile la mwisho tu, ndani ya saa moja tangu uliweke. Kisha weka kiasi sahihi mara moja. Kubadili mawazo hakuhesabiwi kuwa sababu.

Hatua ya 7: Mnada ukiisha

Fungua historia ya madau. Ukiona mshindani amepanda mara nyingi hadi karibu na kikomo chako kisha akaondoa dau lake, au anashiriki karibu kila mnada wa muuzaji huyohuyo bila kushinda, iripoti kwa tovuti. Muuzaji kujipandishia bei kupitia rafiki ni marufuku.

Ukishindwa kwa madau sawa, wewe ndiye wa pili, na mshindi asipolipa muuzaji anaweza kukupa nafasi ya pili kwa dau lako la juu, yaani 251.90 ileile. Kabla ya kulipa hakikisha ujumbe huo uko ndani ya akaunti yako kwenye tovuti. Ukiwa umekuja kwa barua pepe au WhatsApp peke yake, usitume pesa.